Marehemu Anapita Tena

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe! Mbele ya ofisi nzima nimetamka: mlipuko wa ile nyota ninayoifuatilia utaonekana tena wiki hii. Profesa kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Hesabu zake zinasema mwakani. Nami nikaropoka — usipoonekana kufikia Ijumaa, zamu yangu ya darubini ya mwaka mzima apewe Mkia, jirani yangu wa meza, tunayemwita hivyo kwa kuwa anatafiti nyota zenye mikia. Mkia kapiga makofi. Kweli mdomo huponza kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Mama kapiga simu, anauliza nangoja nini hasa. Nikamweleza. Kuna kundi la galaksi, zito ajabu, uzito wake unapinda mwanga kama lenzi. Nyota iliyolipuka iko nyuma yake. Mwanga umepita njia tatu, zote za urefu tofauti. Kwa hiyo mlipuko uleule tunauona mara tatu. Mara mbili tayari. Ya tatu iko njiani.

Mama akauliza: yaani mwanangu unangoja marehemu apite tena?

Nimecheka mpaka machozi. Kasema ataniombea, na kama marehemu ana adabu, hatachelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu tangu jana. Hakuna picha. Mkia kaniuliza, kwa upole wa paka, kama nitamkabidhi darubini asubuhi au mchana. Nimemtolea ulimi. Lakini nisijidanganye. Bila darubini, utafiti wangu ndiyo basi.

Ijumaa, 7 Machi

Anga safi! Picha imeingia. Kazi yetu ni kutoa tu: chukua picha mpya, toa ya zamani, kitakachobaki cheupe ndicho kigeni. Nimetoa.

Hakuna. Hata chembe nyeupe!

Nikaenda kunawa uso. Kurudi, Mkia keshasogeza kiti chake kwenye kompyuta yangu. Profesa kanigusa bega: pole binti yangu, mwakani si mbali. Pale nilipokuwa nimeweka alama, mahali mlipuko ulipotarajiwa kutokea, kuna kidoti cheusi tu. Kasoro ya kamera, nikasema.

Kidoti cheusi. Kwenye alama yangu. Palepale!

Ala! Haraka zangu — nimechukua ya zamani nikatoa mpya! Nimegeuza! Kigeni lazima kiwe cheusi!

Narudia sasa. Kompyuta inasaga, inasaga. Profesa kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kavua tena. Mkia kanyanyuka, karudisha kiti chake mezani kwake, taratibu, bila kuambiwa.