Baba Amenunua Kadi ya Mwaka

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu mpaka kichwa kimegoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nakata tiketi kwenye bustani ya burudani, yenye gurudumu kubwa, farasi wa kuzunguka na treni ndogo ya watoto, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye dirisha la pili. Baba yangu alituacha nikiwa na miaka tisa na kaka yangu kumi na mitatu. Alikuwa fundi rangi, akaaga kwamba anakwenda kupaka jengo mji mwingine, kazi ya miezi miwili, hakurudi, baadaye tukasikia ana mke mwingine huko, na mama akatulea kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na kaka akaacha shule ili mimi nisome. Mama alifariki miaka minne iliyopita. Siku ya tatu baada ya mazishi baba akabisha hodi, amezeeka, kashika mfuko mmoja, nikamwambia pale pale mlangoni, “Kwangu usikanyage.” Akasema, “Nimesikia,” akageuka.

Sasa mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi, hakuna hata foleni, mkono wa mzee ukasukuma fomu ya kadi ya mwaka chini ya kioo, nami nikaanza kunakili kwenye kompyuta bila kuinua macho, nikafika penye jina, nikajikuta naandika jina langu la ukoo. Nikainua uso, nikakuta ni yeye.

“Unataka nini hapa?” nikamuuliza.

“Kadi ya mwaka,” akasema. “Ulinikataza nyumbani, na nimeheshimu. Kazini hukunikataza.”

Nikampiga picha kwa ile kamera ndogo, nikamkabidhi kadi yake, kwa sababu hakuna sheria ya kumnyima mtu kadi eti ni baba yako. Tangu siku hiyo anakuja. Anafika saa nne, anapanga foleni ya dirisha langu hata kama la kwanza liko tupu, anasema, “Habari ya kazi, mwanangu,” nasema, “Nzuri. Pita,” basi. Ndani hapandi chochote. Anakaa kwenye benchi linalotazama treni ndogo, saa nane anaondoka. Mwenzangu wa dirisha la kwanza, ambaye hajui kama ni baba yangu, alisema mzee huyu angekuwa mwajiriwa angeshapandishwa cheo. Nilicheka, halafu nikaingia stoo ya tiketi nikalia, sijui kwa nini.

Mwezi uliopita hakuonekana siku tano. Nilijiambia afadhali, lakini kila ilipogonga saa nne shingo yangu iligeukia getini yenyewe, mpaka nikamrudishia mteja chenji pungufu akanifokea. Siku ya sita akatokea, mkono umefungwa bandeji, na kabla sijajizuia mdomo ukasema, “Ulikuwa wapi?”

“Niliteleza bafuni,” akasema. “Unisamehe, nimekosa siku tano.” Kana kwamba mimi ni msimamizi wake na yeye kachelewa zamu.

Mshauri, sasa ndio yamenifika shingoni. Wakubwa wanataka kufuta kadi ya mwaka. Wateja wanaokuja mara moja kwa mwaka wamelalamika, na hawajakosea, kuna mama alikuja na watoto watatu akasimama saa nzima kwenye gurudumu, akaniambia, “Sisi tumejinyima mwaka mzima kwa siku hii moja, tunapangishwa foleni nyuma ya watu waliogeuza hapa sebule yao.” Wenye kadi nao wanasema walilipa mapema, na wakati wa mvua, pasipo na mteja, ni wao walioiweka bustani hai, iweje leo waadhibiwe kwa kuipenda. Meneja anasema labda ukishakuja mara ishirini kadi ife, kuanzia hapo ulipe kila unapoingia. Akanipa kazi ya kuorodhesha wanaokuja sana, na Ijumaa ijayo nitoe maoni kikaoni, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa madirishani. Nikatoa orodha. Jina la kwanza kabisa ni la baba, mara mia mbili na kumi na nne.

Baba alisoma tangazo la mpango huo getini, akaniuliza, “Wakiifuta, nitakuwa nakata tiketi kila siku?” Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema, “Kila siku sitaweza. Labda mara moja kwa mwezi.” Halafu akaona uso wangu, akasema, “Usijali, mwanangu. Mwaka mzima si haba.”

Nikiitetea kadi, naona kama natumia kazi ya watu kwa haja zangu. Nikiipinga, naona kama namlipizia kisasi. Kaka nimemgusia tu, akasema, “Mpe kiti, kesho atakuomba kitanda,” na kaka ana haki, alibeba mizigo sokoni akiwa mtoto kwa ajili yangu. Sijamsamehe baba. Lakini nikifikiria saa nne bila yeye, moyo unaniuma. Nifanye nini?

Wako wa Dirisha la Pili

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama, na pole kwa yule mtoto wa miaka tisa ambaye hakuna aliyempa pole kwa wakati wake.

Sasa nisikilize. Umeyafunga mambo mawili kwenye kitambaa kimoja, ndiyo maana fundo halifunguki. Tuanze na la kazi, ndilo jepesi. Kabla ya Ijumaa, mwendee meneja ofisini umwambie wazi: “Huyu wa kwanza kwenye orodha ni baba yangu mzazi.” Hutafukuzwa kwa kuwa na baba. Utafukuzwa ukificha, wakaja kujua wenyewe. Akikuruhusu kusema kikaoni, sema ulichokiona kwa miaka kumi na moja, kwamba yule mama wa watoto watatu anaumia siku za sikukuu na mwisho wa wiki, na kwamba siku nyingine zote mabenchi yako tupu. Basi kadi isitumike siku za msongamano, na siku za kazi iachwe kama ilivyo. Hiyo ni haki kwa pande zote mbili, na ungeisema hata kama mzee yule angekuwa babu wa jirani. Wakikataa, wamekataa. Bustani si yako.

La pili ndilo lililokutoa machozi stoo. Wewe mtu mzima, unasubiri kikao cha bei kikuamulie kama baba yako akuone au asikuone? Hapo nakugombeza. Ulimwekea mpaka, na ulikuwa na haki, na yeye ameuheshimu. Hilo liandike upande wake, maana ni wengi wanaokosa kisha wakaja na wazee wa kuwasemea na kulazimisha mlango. Halifuti miaka ya mashuka. Mama yako hakurudishiwa hata siku moja, wala kaka yako hakurudishiwa shule yake. Mtu anaweza kuwa amekukosea vibaya na bado ukamsikilizia getini. Usijione mjinga kwa hilo.

Kaka yako usimfiche, asije akasikia kwa watu. Mwambie, “Mimi nakwenda kuongea na baba. Sikuombi uje, wala sikuombi ukubali.” Akikasirika, mwache akasirike, aliyekubeba ana haki ya kuogopa usiangushwe tena. Siku nyingine mpikie, kaa naye, usimtaje baba.

Na baba mwenyewe, usimwite nyumbani. Bado. Kesho akija dirishani mwambie, “Saa saba natoka kula. Nisubiri nje ya geti.” Usiongeze neno. Nendeni mahali pa chai pa karibu, lipa chai yako, naye alipe yake, na umuulize lile ulilomeza tangu utotoni: kwa nini hakurudi. Usimsaidie kujibu. Jibu linaweza kuwa dogo na la aibu, maana sababu za watu kukimbia mara nyingi ni ndogo na za aibu. Lisikilize mpaka mwisho. Kisha muulize anaishi na nani, na akiumwa nani anamjulia hali. Akiomba msamaha siku hiyo, unaruhusiwa kusema, “Nimesikia, bado sijafika huko.” Msamaha haukatwi kama tiketi.

Ukishindwa kusema lolote, kunywa chai, rudi kazini, na kesho kutwa umwambie tena akusubiri. Yeye umri umekwenda na bafuni anateleza. Kesho ni siku ya kazi. Anza nayo.