Mkate Niliompelekea Mama Furaha

Mama,

Jumapili nilimega mkate wa Meza ya Bwana kwa mikono yangu, nikampa Mama Furaha, nikamwombea. Sijamwambia mtu. Baba hajui. Yeye ni mzee wa kanisa. Akijua, sijui ataficha wapi uso wake.

Tangu ulipotuacha, kazi yako ya jikoni kanisani nimepewa mimi. Walisema nimemaliza shule, nina nafasi. Naoka mkate, namimina juisi ya zabibu kwenye vile vikombe vidogo, kisha nasimama mlangoni wanaume waje kuvipeleka mbele. Wakimaliza, naviosha. Siku ya mazishi yako mchungaji alisema, "Dada yetu alikuwa mpishi hodari." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa naiona sebule yetu ya Woolwich, huku ughaibuni: ninyi wafanya usafi mmetoka zamu, viatu vimejaa koridoni, wewe unamega mkate na kusema, "Haya, kuleni, basi linakuja." Kanisa lile lilianzia kwenye kochi letu. Mchungaji alikuja baadaye, akakuta hata viti vipo.

Mama Furaha, mwenzako wa sebuleni, sasa hatoki nyumbani. Miguu imevimba, na lifti ya jengo lao ni mbovu. Aliomba aletewe Meza, mchungaji akasema atamtuma mzee. Mwezi ukapita, na mwingine. Nikajikaza, nikamwomba mchungaji niende mimi. Sauti ilitetemeka vibaya. Nikamtajia Prisila wa kwenye Maandiko, aliyekuwa na kanisa nyumbani kwake na kumfundisha Apolo, mwanaume msomi. Nikamtajia Lidia, aliyewakaribisha mitume nyumbani kwake. Akacheka. "Binti, hao walikuwa mama zetu wakarimu. Na wewe endelea na ukarimu huo huo." Baba alisimama pale pale. Akatazama simu yake.

Wale wanawake walifungua milango yao wakati kanisa halina pa kukaa. Lilipopata mahali, likawaonyesha jikoni. Na wewe pia, Mama.

Basi nikafunga kipande cha mkate kwenye kitambaa, nikapanda ngazi hadi juu. Mama Furaha alichungulia nyuma yangu, akimtafuta mzee. "Uko peke yako?" Nilitaka kukimbia. Kisha akajifunika kitenge kichwani, akanyoosha mikono. "Mama yako naye alianza hivyo hivyo, anatetemeka. Omba, mtoto." Nikaomba. Maneno yalikuja kwa Kiswahili, yale yako, mimi niliyekuwa nakujibu kwa Kiingereza kila siku. Yeye alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa hasira.

Hata wewe nina hasira nawe. Mchungaji alipokuja ulimpisha. Ukavaa aproni, hukusema neno. Hata mimi hukuniambia kwamba ulikuwa unatetemeka. Ningekuwa nimejua...

Pumzika, Mama. Bado nakupenda, hata hivi. Nakuahidi nitapanda zile ngazi kila Jumapili, maadamu Mama Furaha yupo na mimi nipo. Lakini wakijua, watamkataza kunifungulia mlango, naye atabaki peke yake tena akimsubiri mzee asiyekuja. Kwa hiyo nitunzie siri hii. Miaka yote ulinyamaza kwa ajili yao. Sasa nyamaza kwa ajili yangu.

Binti yako,
Riziki