Ngamia wa Kinu cha Mafuta

Zuleha! Nimetoka msibani Kaole sasa hivi, hata baibui sijavua. Tumemzika Salumu, yule tuliyesoma naye.

Unajua msikitini walivyotangaza? "Salumu Ngamia amefariki." Ngamia! Jina nililompa mimi, kidato cha pili, mwaka sabini na tatu!

Si unakumbuka alivyomuuliza mwalimu wa fizikia? "Ngamia wa baba anazungusha kinu cha mafuta ya ufuta, mwendo ule ule kutwa nzima. Si ana mchapuko huyo?" Mwalimu akasema mwendo usipobadilika mchapuko ni sifuri. Darasa zima kicheko, na mimi ndiye niliyepiga kelele, "Kaa chini, Ngamia!" Wiki ile ile akaacha shule.

Sasa sikiliza. Mjukuu wake, Sihaba, anasomesha fizikia. Tulipokuwa tunasubiri jeneza litoke, kaniambia, "Bibi, babu alikuwa sahihi. Hata mwendo usipoongezeka, ukigeuka tu, huo ni mchapuko. Na ngamia yule kutwa anageuka."

Alikuwa sahihi, Zuleha! Miaka hamsini alikuwa sahihi!

Nikamuuliza kama babu yake aliwahi kujua. Akasema alimweleza mwaka jana. Mzee akasema, "Usimwambie Mwaija, atanicheka tena."

Mwaija! Mimi huyu!

Jeneza likatoka. Tukaambiwa tumsamehe marehemu. Wote tukaitikia, "Tumemsamehe."

Na mimi nikaitikia, Zuleha. Mimi nimemsamehe nini?