Mama Atakaa Kando ya Baba

Alhamisi, 1 Novemba 1934

Siku ya tatu Mama hali kitu. Uji wa mtama ameuonja tu, kisha akanishika mkono. "Langui, usinipeleke kwenye makaburi waliyotenga Wajapani. Kule chini barabarani nitamjua nani?" Anataka azikwe humu ndani, kando ya Baba. Zamani hili halikuwa jambo la kuombwa. Baba yuko hapa, hatua mbili kutoka mekoni, chini ya bamba la jiwe tunalokalia tukila. Sasa Wajapani wanaotutawala, wale wa kituo cha polisi, wamekataza. Atakayezika ndani ya nyumba — kiboko na jela. Nimemwambia, sawa Mama. Nimeshaahidi, basi.

Jumamosi, 3 Novemba

Biung amepanda kutoka kituo cha polisi. Mdogo wangu huyu ni askari msaidizi wao, vifungo vya koti vinang'aa kuliko macho yake. Nilipomweleza alikuja juu. Eti dada, unataka nifungwe? Nikamjibu, Baba unamkanyaga hapo, muulize yeye. Akahamia karibu na mlango. Ni mwoga, lakini si mtu mbaya. Mimi pia naogopa. Naogopa zaidi kumdanganya Mama.

Jumatatu, 5 Novemba

Alfajiri Mama amekata roho. Nimelia kidogo, halafu nikaacha. Muda! Sisi Wabunun, watu wa milima hii, maiti wetu huzikwa ameketi, magoti kifuani, na akishakakamaa hakunjiki tena. Kituo kinataka alazwe kwenye sanduku refu. Biung alikuwa ameshashuka kutoa taarifa. Sikumngoja. Nimemkunja Mama peke yangu, taratibu, nikamfunga kwa nguo aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa mwepesi mno.

Biung akarudi na afande na sanduku. Afande akatazama, akaamuru anyooshwe. Nikasimama mbele ya Mama. Biung akamjibu kwa Kijapani — miaka yangu minne ya shule yao haikupotea, nilielewa kila neno. Alisema, uongo mtupu, Mama ameuawa na homa ya kuambukiza, asiguswe na mtu. Afande akarudi kinyumenyume hadi uani, kitambaa puani. Amekwenda kumleta daktari.

Biung akachungulia njiani. Nikamwambia, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Akacheka, huyu mwoga wangu! Akavua koti.

Jumatatu hiyo hiyo, adhuhuri

Bamba tumelinyanyua pamoja. Tunachimba kwa zamu. Naandika nikipumzika, udongo umejaa kwenye kucha. Shimo limemfika Biung kiunoni. Mbwa wanabweka kule chini njiani, sijui ni daktari au ni wapita njia.

Biung ameacha kuchimba. Anasema polepole, "Dada, nimemfikia Baba."

Nimemwambia asogee upande wa meko kidogo, aendelee.