Palipotulia Ndipo Panapovuta

Mpenzi wangu Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa kitandani, begi limefungwa, liko miguuni pangu. Kesho alfajiri Neema ananipeleka Durban. Umesikia? Bahari, baada ya miaka yote hii.

Hapa Joburg, mtaani kwetu Observatory, miti inapukutisha majani na baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini unajua majira haya yalivyo kule pwani: maji bado yana joto la kiangazi, upepo umelala, anga safi. Halafu dhoruba ya mbali kusini, ambayo hata hujaiona, inakuletea mawimbi makubwa mchana wa jua. Wiki nzima nimefuatilia utabiri redioni kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. Jana walionya watu wasiogelee. Leo wamesema bahari itatulia kuanzia kesho. Nilipiga makofi peke yangu.

Unakumbuka siku ile? Ulikuwa umefunga kibanda chako cha cherehani kule Doornfontein, katikati ya mji, jambo ambalo hukulifanya hata ulipougua. Ulisimama mchangani na viatu vyangu kwapani na chupa tupu za majirani mikononi, maana mtu wa Joburg haendi baharini asirudi na maji ya chumvi kwa wasioweza kwenda. Watu wote walibanana katikati ya bendera ambazo waokoaji huziweka kuonyesha pa kuogelea, penye povu na kelele, nawe ukanitaka nikae hapo hapo. Kando kidogo maji yalikuwa shwari kama chai kikombeni. Nikakucheka. Nikakwambia wewe mtoto wa Uvira, mtu wa ziwa, kaa utazame mwalimu wa Tanga anavyoogelea. Kwetu tulilelewa nyuma ya miamba: mawimbi yanapopasuka ni hatari, palipotulia ni pa watoto.

Kumbe kwa bahari ile, palipotulia ndipo maji yanaporudi kilindini, na hayarudi peke yake. Niliingia hapo penye shwari, mchanga ukaniponyoka miguuni. Nilipogeuka, ulikuwa mdogo kama kidole, unakimbia ufukweni huku na huku, na hukuiachia hata chupa moja. Mwokoaji akanifuata na ubao wake.

Ulinifunga kanga huku meno yanayogongana yakiwa yako, si yangu. Ukasema, "Ziwa yetu iko na heshima, Mama Neema. Bahari yenu haina." Hatukurudi tena. Kila mwaka majirani walipotualika, uliwajibu kwamba mke wako anaogopa maji.

Sasa nikwambie kabla sijakufuata. Sikuogopa. Maji yaliponibeba nililala chali nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii hakuna aliyeniuliza karatasi zangu, wala natoka wapi, wala narudi lini. Nilikuwa na furaha, Baba Neema. Furaha ya kutia aibu, kwa kuwa nilikuona unavyohangaika. Ndiyo maana nilinyamaza. Aliyeogopa ni wewe, nami nikakuacha ujifiche nyuma yangu. Nilidhani huo ndio upendo. Hata sasa sijui kama nilikosea.

Daktari hakunificha: moyo umechoka. Neema aliikataa safari hii katakata. "Eish, Mama, ukinifia njiani nitamwambia nini Baba?"

Nikamjibu, "Baba nitamwona mimi kwanza. Nitamweleza mwenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho, kisha akaenda kutia gari mafuta.

Sitaogelea, usihangaike huko uliko. Nataka maji yanifike magotini tu, Neema akinishika mkono. Nimebeba chupa moja, ya kuja kunyunyizia kaburi lako, uonje tena chumvi ya bahari isiyo na heshima. Nami nitaingia katikati ya bendera, penye povu na kelele na watu, pale pale uliponitaka nikae.

Nikae na furaha yangu mpaka kukuche. Tutaonana, na nitafika nimelowa.

Mkeo,
Mama Neema