Mbawakawa wa Oktoba

Kiso, 2 Septemba

Mwanangu Sayo,

Mimi na Fusae, mama yake Mizuho, tunakusalimu sana. Joto la huko Fukuoka tunalisikia redioni kila asubuhi, na kila likitajwa Fusae huuliza kama unakula au unashindia chai baridi kama ulivyozoea. Hapa kwetu usiku umeanza kudai blanketi, na maua ya soba, nafaka yetu ya tambi, yamefunguka meupe bonde zima. Goti langu hunisumbua nikikaa sana kazini, lakini mbao bado nazikunja na maboksi ya chakula bado yana wanunuzi. Na wewe, macho yako yanaendeleaje? Mizuho alizoea kusema hadubini itakupofusha kabla hujamwona mchumba.

Barua yako ilifika siku ya tatu baada ya sikukuu ya Obon, tulipokuwa tumekwisha kuwasindikiza marehemu wetu. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechakaa. Nina ombi moja kabla ya habari nyingine. Umesema makala yako utaituma mwisho wa Septemba. Tafadhali usiitume kabla hujaisoma barua hii yote, maana inamhusu huyo mbawakawa unayetaka kumpa jina la binti yetu.

Kwanza nikueleze furaha uliyotuletea. Tangu Januari, Mizuho alipotutoka, Fusae hakuwa amecheka. Nilipomsomea barua yako alinitaka nirudie mara tatu pale uliposema jina la Mizuho litaandikwa vitabuni na halitafutika. Akaiweka kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, kando ya kibakuli cha wali, akamweleza mtoto, kama anavyomweleza habari zote za jikoni, kwamba mdudu wake amepata jina. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Jirani yetu Bibi Tarumi alikuja na matango akauliza huyo mdudu anauma au vipi. Fusae akamjibu kwamba haumi, kazi yake ni kukaa nyumbani kwa sisimizi na kulishwa. Bibi Tarumi akasema, “Kumbe ni mkwe wangu huyo!” Wakacheka wote wawili hadi Fusae akajishikiza ukutani. Mimi nilikuwa karakanani, nikaacha kazi ili nikisikilize kile kicheko.

Nilikumbuka Mwaka Mpya ule mliokuja wote wawili, wewe na Mizuho. Mizuho alitandaza visanduku vyake juu ya meza ya chakula, akatueleza kwamba watu huwaona hawa mbawakawa wa mabawa mafupi wakadhani ni ukoo mmoja, kwa vile wote wanaishi na sisimizi. Alisema kukaa nyumba moja si udugu. Kila ukoo ulikuja kubisha hodi kwa wakati wake na kwa hila yake. Wapo wanaovizia njiani sisimizi aliyechoka, na wapo wanaokula maiti na takataka. Wengine wamewaiga sisimizi hata mwendo. Na wachache, wale wenye vishungi vya manjano ubavuni, hulambwa na kulishwa mdomo kwa mdomo, na watoto wao hulelewa humo humo huku wakiwatafuna watoto wa wenyeji. Kaka yangu Yasuji akauliza yeye angewekwa kundi gani. Mizuho akaitazama ile chupa ya pombe ya sake mkononi mwake, akamwambia, “Baba mkubwa, wewe ni wa vishungi. Tangu juzi tunakulisha.” Nawe ukadakia kwamba hawapangwi kwa kutazamwa tu, sharti ulimi upimwe kwanza. Yasuji akautoa ulimi wake wote nje, akadai apimwe pale pale.

Kazi yangu katika mambo hayo unaijua. Mwandiko wangu ni mdogo kwa sababu miaka yote nimeandika jina langu chini ya maboksi, basi tangu alipokuwa sekondari Mizuho alinipa mimi kuandika vile vikaratasi vinavyochomwa na pini chini ya mdudu, kila kimoja kama ukucha wa kidole cha mwisho: mahali, urefu wa mlima, tarehe, nyumba ya sisimizi gani, na nani aliyempata. Siku moja niliongeza “manyunyu kidogo”. Alinirudishia akisema, “Baba, hapa hatuandiki shairi.” Akaniambia pia kwamba mdudu asiye na kikaratasi ni takataka, lakini mwenye kikaratasi cha uongo ni mbaya kuliko takataka, kwa kuwa takataka haimdanganyi mtu.

Sasa nije kwenye maneno yako. Umeandika kwamba nywele na ulimi vinatosha kumfanya huyu kuwa aina mpya, lakini kilichokushangaza kupita vyote ni tarehe. Jamaa zake wote unaowajua huzaa wakati wa joto katika vichuguu vya sisimizi wa msituni, na vuli ikiingia vijana wao huhamia kwa sisimizi wadogo wekundu walio chini ya mawe, wakapitisha baridi huko, kisha hurudi theluji ikiyeyuka. Huyu wa Mizuho tarehe 11 Oktoba alikuwa bado kichuguuni. Umeandika, “Baba, huyu hahami,” na kwamba kwa hilo utamtenga na jamaa zake na kumfungulia kundi la peke yake.

Sayo, hakuna sababu yoyote ya kusema hahami. Tarehe ile ni ya uongo, na aliyeiandika ni mimi.

Tarehe 11 Oktoba mwaka jana Mizuho alipanda mlimani kweli. Ilikuwa mara yake ya mwisho, na hakupata kitu. Nilimsubiri ndani ya gari. Alishuka magoti yamelowa, akasema leo sisimizi wamemnyima hata siki yao, ile tindikali wanayorusha, maana unakumbuka alivyokuwa akikohoa kila alipowavuta kwa mdomo kwa ule mrija. Alilala njia nzima. Wiki iliyofuata alilazwa hospitalini Matsumoto.

Mwaka huu, tarehe 3 Juni, nilipanda peke yangu. Sikwenda kutafuta mdudu, nilikwenda kung'oa vijiti vyake vya alama ili visimkwaze mtu. Saa nne asubuhi nikamwona juu ya kichuguu, kichwa ameinamisha, sisimizi mmoja akimlamba ubavu. Nilikuwa nimevaa koti la Mizuho, na kichupa chake cha wadudu kilikuwa mfukoni, nikamtia humo.

Nilipofika nyumbani niliandika kikaratasi cha kweli kwanza. Aliyempata: Furuhata Eikichi, ndiye mimi. Nikakitazama muda mrefu. Mtoto amepiga magoti pale miaka sita akimtafuta mgeni huyu, nami nimempata kwa asubuhi moja bila kutafuta. Niliona kama nimemwibia. Nikakichana. Nikaandika jina lake, na kwa kuwa aliyefariki Januari haokoti wadudu Juni, nikaweka siku yake ya mwisho mlimani, kisha nikakutumia wewe. Nilidhani tarehe ni jambo dogo. Sikujua kwamba wewe ungejenga juu yake, wala kwamba siku moja wenzako wangeweza kukucheka kwa jengo hilo.

Jana nilimwambia Fusae. Alikuwa anakata biringanya, akaweka kisu chini. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hajalifanya tangu Mizuho azaliwe. Akasema, “Eikichi, umempa mtoto zawadi, halafu umekuja kunipokonya mimi.” Akatoka kwenda bustanini. Aliporudi aliuliza kama makala imeshakwenda. Nikamwambia bado. Akasema, “Basi andika upesi, asije yule binti akaaibika kwa ajili yetu. Na umwambie kwamba mimi sijakusamehe.” Nimekuambia kama alivyoagiza. Ile barua yako bado iko madhabahuni, hajaiondoa.

Ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi kipya. Mizuho alinifunza kwamba kile cha zamani hakiondolewi hata kama ni cha makosa, ila cha kweli huchomwa chini yake kwa pini ile ile, ili wajao waone nani alikosea. Nimeandika: Kiso, mita 1,240. 3 Juni. Kichuguu cha sisimizi wa msituni. Aliyempata Furuhata Eikichi. Tarehe na jina vya juu si kweli.

Kuhusu jina utakalompa mdudu, mimi nimeipoteza haki ya kuomba. Ukimpa jina jingine, mimi mwenyewe nitamweleza Fusae. Kama unataka kujua iwapo anahama, mawe ya sisimizi wekundu yapo hatua thelathini chini ya kichuguu. Oktoba nitakuwapo, nawe ukija tutayainua pamoja. Mimi nitainua tu. Kutazama na kuandika iwe kazi yako.

Fusae amekufungia majani ya figili ya kuchachua, anasema ule na wali, usiyale peke yake kwa uvivu. Wasalimie wenzako wa maabara. Nasubiri neno lako, hata likiwa kali.

Ni mimi baba yake Mizuho,
Furuhata Eikichi