Nondo na Kopo la Haboba

Juba, Jumamosi, Aprili 1974

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana, na leo kumekucha na baridi tamu. Udongo wa bustani ulikuwa mweusi na laini, jembe linaingia lenyewe. Naandika haya jioni. Nimechoka, lakini moyo wangu umetulia kuliko wiki nyingi zilizopita.

Leo nusura mama mkwe wangu ashtakiwe kwa sultani, yaani chifu wa mtaa, kwa sababu ya mdudu.

Nilitoka mapema kupanda bamia, nikamkuta kwenye shina la lalob, mti wa miiba ulio pembeni mwa ua wetu. Nondo. Nimefundisha somo la wadudu miaka minne kule Arua tulipokuwa wakimbizi, lakini sijawahi kuona nondo mkubwa hivi. Ukimweka juu ya viganja viwili, mabawa yananing'inia nje. Rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu, kama udongo wa barabara ya Yei. Nilipomkaribia akafunua mabawa, na kwenye yale ya nyuma kulikuwa na macho mawili, meusi kwa nje, ya rangi ya chungwa katikati. Yalinitazama kabisa.

Nikakimbilia kitabu changu cha shule. Nikapekua kurasa zote za wadudu. Hayumo.

Nilikuwa bado nimeinamia kitabu, jirani yangu Mama Rose akaingia uani na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Yeye na mimi tulirudi kutoka Uganda mwaka uleule, ndiyo maana tunaongea Kiswahili. Binti yake Rose ana homa tangu Jumatano.

"Mwalimu, toka hapo," akasema. "Hii kitu mimi nachoma. Na Jumatatu mimi naenda kwa sultani, kusema mambo ya hii mama yenu."

Nikamuuliza mambo gani.

"Kila asubuhi iko nachimba chini ya hii mti. Natoa vitu, naweka kwa kopo. Mimi nimeona kwa macho yangu, hivyo vitu inacheza ndani. Sasa mtoto yangu iko mgonjwa, na hii kitu ya macho inakuja kutuangalia. Nani imeituma?"

Hapa lazima niseme ukweli, maana daftari hili ni langu na sina wa kumdanganya.

Mimi pia nilikuwa nimeliona lile kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, Haboba hulificha chini ya kitanda chake. Haboba maana yake ni bibi. Mtaa mzima humwita mama mkwe wangu hivyo. Wiki mbili zilizopita nilifunua kifuniko nikifagia, nikaona vitu vyeusi, vinene kama kidole gumba, vikijinyonganyonga. Nikafunika haraka. Sikumuuliza. Tangu siku hiyo sijampa mtoto wangu ampakate. Kila mara nasema analala, au anataka kunyonya. Mume wangu Wani yuko kwenye meli ya mizigo, amekwenda Malakal, na bila yeye sisi wawili hatuna lugha. Haboba ana Kibari na Kiarabu cha Juba. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mdogo, Kibari changu ni cha salamu tu, na Kiarabu ni maneno machache.

Mwalimu wa sayansi, na nilikuwa namwogopa mwanamke mzee kwa sababu ya kopo.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele ya Mama Rose. Nikamwomba asubiri kidogo tu. Nikapiga magoti chini ya lalob, nikaanza kutafuta penye udongo uliotifuliwa. Nondo huyu mabawa yake yalikuwa bado mororo, hajaruka mbali. Lazima alitoka papo hapo. Sikukosea. Shubiri moja kutoka kwenye shina kulikuwa na tundu, na ndani yake ganda jeusi lililopasuka, tupu.

Nikaenda kumwita Haboba, nikamwomba kwa ishara alete kopo lake.

Alikuja polepole, akiwa amelikumbatia. Nikachukua kimoja kati ya vile vitu, nikakiweka kiganjani kando ya ganda tupu. Rangi moja. Unene mmoja. Ncha ileile mkiani. Nikamwonyesha Mama Rose.

"Ni wale viwavi weusi wenye miiba waliokula majani ya lalob mwaka jana," nikamwambia. "Waliingia ardhini, wakajifunga ndani ya maganda haya. Mvua imewaita. Hakuna aliyewatuma."

Mama Rose akavitazama vyote viwili. Kisha akamgeukia Haboba mwenyewe, akamuuliza kwa Kiarabu kwa nini anavichimba.

Haboba hakukasirika. "De akil," akasema. Hiki ni chakula.

Akatueleza pale pale akiwa amesimama, Mama Rose akinitafsiria. Wakati wa vita Wani alipelekwa Uganda na mjomba wake, yeye akabaki msituni na wasichana wake wawili. Moto ulikuwa hatari kwa sababu ya moshi, mtama haukuwapo. Kiangazi chote walichimba chini ya miti ya lalob. Amani imekuja, anakula vizuri kwangu, anajua hivyo. Lakini kiangazi kikifika mikono yake haikubali kukaa bila kuweka akiba.

"Waliingia msituni wasichana wawili," akasema. "Walitoka wawili."

Mama Rose akaziba chupa yake. Hakuomba radhi, na sikumdai. Nilimwambia homa ya Rose inatibika, ila si kwa kiberiti. Tukambeba Rose pamoja hadi hospitali. Ni malaria, amepewa dawa, na mchana huu amekunywa uji.

Niliporudi nilimshusha mwanangu mgongoni, nikamweka mapajani mwa Haboba. Akampokea kana kwamba zile wiki mbili hazikuwapo. Sijui kama alikuwa amegundua. Nadhani alikuwa amegundua.

Jioni akachoma yale maganda kwenye majivu ya moto, akanimenyea la kwanza. Nimekula. Ndani ni laini, lina mafuta, na linashibisha kuliko nilivyodhani. Tulikuwa bado tunatafuna, pale nondo alipopiga mabawa mara mbili tatu, akapita juu ya ua kuelekea mtoni.

Haboba akanitajia jina la nondo huyo kwa Kibari. Nimeliandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu cha shule, lakini naona nimekosea herufi. Kesho baada ya kanisa nitaketi naye, alitamke taratibu, mpaka mdomo wangu ulipate.